Mstari wa Kijani wa Elmhurst na Kocha Asiyechuja

Mbio za nyika zina hesabu ambayo mtu wa mpira anaweza kuishangaa. Kila shule inaingiza wakimbiaji saba. Watano wa kwanza wa shule hiyo ndio wanaohesabiwa: aliyeshika nafasi ya kwanza ana pointi moja, wa kumi ana kumi, wa sitini ana sitini. Zinajumlishwa, na shule yenye jumla ndogo kuliko zote ndiyo bingwa. Wa sita na wa saba hawaongezi chochote kwenye hesabu ya shule yao, ila wakimpita mtu wa shule nyingine wanamrudisha nyuma nafasi moja, na mzigo wa wapinzani unazidi kuwa mzito. Ndiyo maana shule inaweza kuwa na kijana anayeshinda kwa mita mia nzima na bado ikarudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa mtu wake wa tano alifika akiwa wa mia na ishirini.

Wakenya wanaifahamu hesabu hii kuliko taifa lolote. Katika mbio za nyika za dunia walichukua taji la timu la wanaume miaka 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Mwaka 2000 na 2001 aliyefika wa kwanza alikuwa Mohammed Mourhit wa Ubelgiji, lakini taji la timu likaenda Nairobi vilevile. Nyuma ya Mourhit walikuja Wakenya kwa kundi, na kundi ndilo linaloshinda.

Naianza makala na hesabu hii kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa kilichotokea katika shule moja ya serikali huko Elmhurst, mji mdogo ulio kama kilomita 25 magharibi mwa katikati ya Chicago. Shule inaitwa York Community High School, na rangi zake ni kijani na nyeupe. Mwaka 1962 vijana wake walitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa jimbo la Illinois. Kocha wao alipokuja kustaafu mwaka 2016 walikuwa wameutwaa mara 28. Muda wote huo kocha alikuwa mtu mmoja, Joe Newton, mwalimu wa pale pale shuleni.

Mara 28 ni nyingi mno, na ukimtaja Newton kwa watu wa riadha wa Marekani, namba hiyo ndiyo inayotangulia. Mimi navutiwa zaidi na namba nyingine. Katika miaka yake mizuri timu ya York ilikuwa na vijana wapatao mia mbili. Wakitoka mazoezini na fulana zao za kijani, kichwa cha msafara kinakata kona huku mkia ungali unatoka shuleni. Wakaitwa Long Green Line, mstari mrefu wa kijani. Vijana mia mbili, kwa shindano linalochukua saba na kuhesabu watano! Wale mia moja tisini na ushei walikimbia msimu mzima, tangu jua kali la Agosti hadi baridi ya Novemba, wakijua fika kwamba siku ya fainali hawatavaa namba kifuani.

Katika shule nyingi za Marekani michezo mikubwa ina siku yake ya mchujo. Kwenye mpira wa kikapu, kwa mfano, vijana wengi wanajaribiwa kwa siku chache, kisha orodha fupi inatoka, na asiyeliona jina lake anajua safari yake imeishia hapo. Aliyepitia maandalizi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Mwalimu anaita majina ya timu ya wilaya, anakunja karatasi, na wengine wanarudi darasani na viatu mkononi. Wapo ambao hawakukimbia tena maishani baada ya siku ile, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Haki itendeke: mbio za nyika zina nafasi kuliko mpira wa kikapu, na shule nyingine nyingi za Marekani nazo hazichuji katika mchezo huu. Uwanja ni mpana, na mtoto wa mia mbili hamzuii wa kwanza kukimbia. Lakini kutomfukuza mtu ni jambo moja, na kumhesabu kuwa ni wako ni jambo jingine. Yapo makundi makubwa ambayo kocha anawajua kumi wa mbele, na wengine wote kwake ni vumbi linalofuata nyuma. York haikuwa hivyo.

Newton alikuwa na desturi ambayo waliopita mikononi mwake huitaja kabla ya kutaja medali. Kila siku ya mazoezi alimpa mkono kila kijana na kumwita kwa jina lake, au kwa jina la utani alilompa yeye mwenyewe. Tupige hesabu. Vijana mia mbili, kila mmoja sekunde tano: sekunde elfu moja, yaani dakika kumi na sita na sekunde arobaini. Sasa linganisha na mbio zenyewe. Fainali za Illinois hukimbiwa Detweiller Park, mjini Peoria, maili tatu, karibu kilomita tano. Mwaka 1972 Craig Virgin, kijana wa shamba kutoka Lebanon, kusini mwa jimbo hilo, alizimaliza kwa dakika 13 na sekunde 50.6. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2019, na Virgin mwenyewe akaja kuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 1980 na 1981. Yaani kocha wa York alitumia muda mrefu kusalimia vijana wake kuliko muda ambao mkimbiaji bora kabisa wa jimbo aliutumia kumaliza mbio ambazo wote walikuwa wakizifanyia mazoezi. Na alifanya hivyo kila siku, kwa zaidi ya nusu karne.

Sisi tuliolelewa kwenye maamkizi hatuhitaji mtaalamu wa saikolojia atueleze kitendo kile kilimfanyia nini mtoto wa miaka 14. Kwetu mtu akikupita siku mbili bila salamu, ya tatu unaanza kujiuliza umemkosea nini. Kijana wa mwisho kabisa, anayefika akihema wakati wenzake wameshakunywa maji na kubadili viatu, anajua kwamba kuna mtu mzima mmoja hataondoka uwanjani kabla hawajashikana mikono. Kesho atarudi. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika mchezo wa mbio ndefu: kumfanya mtoto arudi kesho.

Hapa naomba tusiichukulie habari hii kama hadithi ya mzee mwenye huruma. Huruma ilikuwepo, ila ilikuwa pia mbinu ya ushindi, na nadhani wanaomsifu Newton kwa moyo wake tu wanampunja. Turudi kwenye hesabu. Anayeamua taji ni mtu wa tano. Shule ya sekondari ya Marekani ni miaka minne, tangu 14 hadi 18, na hakuna kocha duniani anayeweza kumtazama mtoto wa miaka 14 akasema kwa uhakika kama miaka mitatu baadaye ndiye atakuwa mtu wa tano. Mmoja amekomaa mapema, anawaacha wenzake mbali mwaka wa kwanza, kisha anakwama hapo hapo. Mwingine ni mfupi, mwembamba, pumzi hana. Likizo moja anarefuka, miguu inafunguka, na mwaka wa mwisho yumo ndani ya saba. Kocha aliyechuja Septemba ya mwaka wa kwanza amemtupa mtu wake wa tano bila kujua. Newton hakumtupa kwa sababu hakumtupa yeyote.

Kundi lenyewe nalo lina nguvu. Ukiwa na vijana kumi, kati ya wa pili na wa tano panaweza kuwa na shimo, na anayekimbia ndani ya shimo hilo anakimbia peke yake. Wakiwa mia mbili, kila kasi ina wenzake. Wa arobaini anamwinda wa thelathini na tisa, naye nyuma yake anasikia nyayo. Msukumo unaanzia mkiani na kupanda hadi mbele. Mwaka 2004, shule za Marekani zilipopambanishwa kwa mara ya kwanza katika fainali ya timu za nchi nzima kule Portland, Oregon, vijana wa York ndio walioshinda.

Kazi hii ilivutia watu wakubwa. Kabla ya Olimpiki ya Los Angeles ya 1984, Sebastian Coe wa Uingereza, aliyekuwa ametoka kwenye ugonjwa uliomharibia msimu wa kiangazi wa 1983, alikwenda kujiandaa karibu na Chicago, akafanya mazoezi na Newton na vijana wake. Tanzania jina la Coe lina uzito wa pekee. Agosti 1979, mjini Zürich, ndiye aliyeivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 ya Filbert Bayi, ile ya dakika 3 na sekunde 32.2 aliyoiweka Christchurch mwaka 1974. Aliivunja kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu! Baada ya Elmhurst, Coe alipata fedha ya mita 800 Los Angeles na dhahabu ya mita 1500. Ninachokiwaza ni wale vijana wa sekondari waliopasha misuli na mtu huyo kisha wakaenda nyumbani kufanya kazi za shule.

Mwingine ni Marius Bakken, kijana wa Norway aliyekaa York mwaka mmoja kama mwanafunzi wa kubadilishana katika miaka ya 1990. Alikuja kukimbia Olimpiki ya Sydney na ya Athens, akashikilia rekodi ya nchi yake ya mita 5000, na kati ya safari zake alifika Kenya kufanya mazoezi na kuwachunguza wakimbiaji wa huko. Mbinu za mazoezi za Norway zinazozungumzwa sana siku hizi zina alama ya mkono wake. Njia ya maarifa ya riadha haiendi moja kwa moja. Hii imepita Elmhurst, ikapita Bonde la Ufa, ikaenda kutulia Oslo.

Mwaka 1988 Newton mwenyewe aliteuliwa kuwa mmoja wa viongozi wa timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Seoul, akiwaangalia wakimbiaji wa marathoni. Ni heshima isiyo ya kawaida kwa kocha wa sekondari. Marathoni ile Douglas Wakiihuri wa Kenya alichukua fedha, na Juma Ikangaa wetu alifika wa saba, mbele ya Wamarekani wote. Newton akarudi Elmhurst, kwa watoto wa miaka 14.

Wamarekani wengi ukiwatajia michezo ya shule hawawazii haya. Wanawazia Ijumaa usiku, taa, bendi, na futiboli ya Kimarekani. Mfano ulio wazi kabisa ni Allen, kiungani mwa Dallas, Texas. Mwaka 2012 shule ya sekondari ya Allen, nayo ni ya serikali, ilifungua uwanja wa kukaa watu 18,000 uliogharimu takriban dola milioni 60, baada ya wapigakura wa mji kukubali wilaya ya shule ikope. Haikupita miaka miwili, nyufa zikaonekana kwenye zege na uwanja ukafungwa hadi 2015. Timu haikuyumba, ilitwaa ubingwa wa jimbo miaka mitatu mfululizo kuanzia 2012. Siwadharau watu wa Allen. Mji unaokusanyika Ijumaa kuwatazama watoto wake una kitu ambacho miji mingi imekipoteza. Lakini uwanja wa namna ile umejengwa kwa ajili ya macho ya watu elfu kumi na nane yanayotazama vijana kumi na mmoja kila upande. Mstari wa kijani haukuwa na watazamaji wengi kwa sababu waliokuwa na hamu nao walikuwa ndani yake, wanakimbia.

Basi mtu atasema: kumbe ni rahisi, mbio hazina gharama, kila shule ya Marekani ingeweza kuwa York. Viatu, bukta na barabara. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoisimulia habari hii kwa furaha tupu.

Tuanze na barabara. Elmhurst inapitiwa na Illinois Prairie Path, njia ya waenda kwa miguu na baiskeli iliyotengenezwa juu ya tuta la reli iliyokufa. Wazo lake lilianza kwa barua ya msomaji kwenye gazeti la Chicago Tribune mwaka 1963, na ilikuwa miongoni mwa njia za kwanza za aina hiyo nchini Marekani. Mji una mitaa yenye miti, njia za pembeni, bustani za umma. Mzazi anaweza kumwachia mtoto akimbie kilomita kumi asubuhi ya kiangazi bila kukaa dirishani akimsubiri. Hilo halionekani kwenye bajeti ya timu, lakini ni mtaji kuliko viatu.

Halafu mwalimu mwenyewe. Mtu hakai kwenye shule moja miaka sitini kwa mapenzi peke yake. Anakaa kwa sababu mshahara unamtosha kulea familia hapo hapo, pensheni anaiona mbele yake, na wilaya haimpunguzi kazi kila uchumi unapotetereka. Shule za Illinois zimetegemea sana kodi ya nyumba na ardhi inayokusanywa na wilaya ya shule yenyewe. Mji wenye nyumba za bei unakusanya nyingi bila kujikamua. Mji wenye nyumba za bei ya chini unajikamua na kupata kidogo. Mwaka 2017 jimbo lilipitisha sheria ya kuelekeza fedha mpya kwanza kwenye wilaya zenye upungufu mkubwa, na ni hatua njema, ingawa shimo lililochimbwa kwa vizazi halifukiwi kwa misimu michache. Ngazi ya taifa mlango ulifungwa zamani. Mwaka 1973 wazazi wa wilaya maskini ya Edgewood, San Antonio, katika Texas ile ile ya uwanja wa Allen, walishindwa Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4. Mahakama ilisema tofauti hizo za fedha hazivunji Katiba ya Marekani.

Kuna na suala la wasichana, ambalo sitalikwepa. Mstari ule wa kijani ulikuwa wa wavulana. Kabla ya sheria ya shirikisho ya 1972 iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, wasichana waliocheza michezo ya sekondari nchi nzima hawakufika laki tatu. Leo ni zaidi ya milioni tatu. York nayo ina timu ya wasichana. Ila taji la kwanza la wavulana ni la 1962, na muongo mzima ulipita kabla sheria hiyo haijawafikia dada zao waliokaa madarasa yale yale.

Wasomaji wa Afrika Mashariki bila shaka wameshamkumbuka Bruda Colm O'Connell, raia wa Ireland aliyefika St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia, akabaki, akawalea mabingwa wa Olimpiki na wa dunia, akiwemo Peter Rono aliyeshinda mita 1500 huko huko Seoul. Yeye na Newton wanafanana kwa jambo moja kubwa: walikuwa walimu kwanza, na walikaa. Wanatofautiana kwa mlango. Iten ni shule ya bweni, na sifa yake iliwavuta wenye vipaji kutoka mbali. York ilichukua watoto wa mipaka yake: wa fundi, wa daktari, mnene, mwembamba, yeyote aliyejiandikisha. Kwa muda mrefu niliiona tofauti hiyo kuwa ndiyo fahari ya York. Newton alikimbia na watoto aliopewa na mtaa.

Newton alifariki Desemba 9, 2017, akiwa na miaka 88. Alizoea kuwaambia vijana wake kwamba kuwa bora ni jambo zuri, lakini kuwa mwema ni zuri zaidi, na naamini kwa dhati kwamba aliishi hivyo. Ila neno "mtaa" limeendelea kunisumbua.

Kutoka Austin, upande wa magharibi wa Chicago, hadi Elmhurst ni kama nusu saa kwa gari kwenye barabara ya Eisenhower foleni ikiwa nyepesi. Austin kuna watoto wa miaka 14 wenye miguu na mapafu kama ya wale wa Elmhurst, na bila shaka yumo mmoja ambaye angekuwa mtu wa tano. Kocha wa York hachuji. Lakini mtoto hafiki kwa kocha kabla mzazi hajapita dirishani kwa karani wa shule, na karani anaomba uthibitisho wa makazi: hati ya nyumba au mkataba wa pango, pamoja na bili ya maji au umeme, vyote vyenye anwani iliyo ndani ya mpaka wa wilaya.